Daktari wa Mikoko na Sanadi Iliyokatika



Jioni moja mtaani kwetu, hapa Mji wa Kale, Mombasa, ilipita habari kwamba binti wa jirani yetu amerudi kutoka chuo kikuu na kwamba sasa "asomea udaktari". Habari za namna hii hazingoji gazeti. Kabla ya adhana ya Isha mama mmoja alikwishafika mlangoni kwao, amemshika mkono mtoto mwenye kikohozi, na nyuma yake bibi mmoja ambaye magoti yake hayakunjiki tena vizuri. Binti akatoka kwa adabu, akawaamkia, akasema, "Bibi, niwie radhi. Udaktari nisomeao mimi ni wa mikoko." Bibi akamkazia macho, kisha akamuuliza, "Na mikoko nayo huugua nini, mwanangu?"

Watu wa barazani walicheka, na mie nilicheka nao. Lakini usiku ule swali la bibi lilininyima usingizi, kwa maana jawabu yake haimpotei mtu wa Lamu, wa Mida, wa Gazi wala wa Vanga. Mikoko huugua shoka. Huugua mafuta, kama yale yaliyomwagika upande wa Makupa mwaka wa 1988. Huugua tope linaloteremka na maji ya mvua kutoka mashamba ya juu yaliyokwisha kuvuliwa miti. Mvua kubwa za 1997 na 1998, zile tulizoziita El Nino, zililundika tope katika kijito cha Mwache hata mikoko ikafa hali imesimama wima. Basi mgonjwa yupo, na maradhi yapo. Tunalolicheka ni kupatikana kwa tabibu.

Mie ni mtu wa chuo, na nisemapo chuo nakusudia kile cha mkeka na ubao wa wino, wala si kile chenye kofia nyeusi na majoho. Kwa hiyo ilinibidi kumwita yule binti, pamoja na babake, anieleze hii shahada ya uhifadhi wa maliasili ni kitu gani. Alinieleza hivi. Kwanza mtu husoma shahada ya kawaida, kisha ya uzamili, na baadaye, akiwa bado ana nguvu na wazazi wake bado wana subira, huingia ya uzamifu. Hiyo huchukua miaka mitatu kwa uchache, na mara nyingi hupita hapo. Hakai darasani kama mtoto. Hutafuta swali moja ambalo hajapata mtu kulijibu, akalishika hilo hilo, kwa mfano kwa nini kipande fulani cha mikoko kikatwacho huota tena na kingine hakioti. Huteuliwa wasimamizi. Huenda pahali penyewe, akapima, akahesabu, akaulizia, akarudi tena msimu mwingine. Mwisho huandika tasnifu, akaitetea mbele ya wajuzi wanaojaribu kwa kila hila kumwangusha.

Waliolibuni jina hili la uzamifu sijui walikaa wapi siku hiyo, lakini masikio yangu ya kishairi husikia kuzama ndani yake. Na kuzama, wasomaji wangu, ni kazi yetu tangu hapo. Lulu na kombe hazikupandishwa na watu wa nyika.

Sasa tazama ajabu. Mzazi wa pwani akiambiwa kwamba mwanawe atasomea udaktari wa hospitali, huchinja. Akiambiwa uanasheria, hutabasamu. Akiambiwa amepata kazi Doha au Dubai, huanza kuuza kiwanja kwa tikiti. Akiambiwa kwamba atakwenda miaka mitano matopeni kuhesabu miche ya mkandaa, husema, "Elimu gani hiyo? Mikoko si tumezaliwa tukaikuta?" Na akiwa ni binti ndipo maneno huzidi: atakwendaje kwenye tope la magoti pamoja na wanaume, na buibui lake litakuwaje? Mama wa binti wetu huyu aliwajibu watu wa mtaa kwa jambo moja tu, nami nalipenda: aliwauliza ni nani tangu zamani aendaye pwani maji yakitoka, akiokota chaza na kukamata pweza kwenye mashimo. Kimya kikatanda. Wanawake wa Gazi, huko Kwale, wana njia yao ya mbao ndani ya mikoko, na mgeni akitaka kupita hulipa. Tope halikuwavunjia heshima.

Lakini sikukaa kuandika haya kwa sababu ya kiu ya vyeo. Madaktari wasiotibu chochote tunao wa kutosha. Nimekaa kuandika kwa sababu ya yale yaliyotupata Lamu.

Ilipoletwa habari ya bandari kubwa ya Lamu, mambo yalipimwa kwa makaratasi. Ripoti za athari kwa mazingira huandikwa na wenye shahada, husomwa na wenye shahada, na hupingwa na wenye shahada. Mvuvi aliyekaa miaka sitini juu ya maji yale, anayeujua mkondo wa Manda kama aujuavyo ushoroba wa nyumba yake, aliinuka akasema, akaambiwa "asante sana, mzee", kisha mkutano ukaendelea. Watu wa Lamu walikwenda mahakamani mwaka wa 2012. Ilikuwa 2018 ndipo Mahakama Kuu, Malindi, ilipowapa haki, ikaona kwamba haki zao zimevunjwa, na ikaamuru wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, Juni 2019, baraza la taifa la rufaa za mazingira likafuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichotakiwa kujengwa Kwasasi. Miongoni mwa sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nafurahi kwa hukumu zote mbili. Lakini nauliza: katika ile miaka sita ya kungoja, kina kilichochimbwa kilirudi? Na kama katika vile vikao vya mwanzo wangalikuwako watoto wetu kumi, wenye shahada hii na wenye bahari damuni, wakiisoma ripoti mstari kwa mstari kabla haijatiwa sahihi, je, tungalihitaji kungoja?

Mashekhe hutufunza kwamba iko elimu ambayo ni faradhi ya kifaya: akiipata mmoja wenu, dhima imewatoka nyote, asipoipata yeyote, dhambi ni ya mji mzima. Kwa mfano wametuwekea kumwosha maiti. Mie si mufti, na mwenye kuijua fikihi kunishinda ana idhini ya kunikosoa katika ukurasa huu huu. Lakini aya ile ya 41 ya Suratu Rum, inayotaja fasadi ya bara na ya bahari, kila Ramadhani tunaipita tukiwa katika hatima. Na Mtume, sala na amani zimshukie, alipoitenga ardhi ya Naqii iwe hima ya malisho, na alipoharimisha miti ya Madina isikatwe na wanyama wake wasiwindwe, aliweka hifadhi kabla ya serikali yoyote ya leo kuijua hifadhi. Elimu hii basi haikutujia na meli ya Kizungu. Kilichotujia na meli ni cheti chake.

Na hapo kwenye cheti ndipo nilipo na la kusema, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuwamo.

Katika miaka ya mwanzo ya 1990, nikiwa kijana mwenye Kiingereza cha kuombea maji, niliajiriwa kuwa mkalimani wa mtafiti mmoja kutoka ng'ambo. Chuo chake sitakitaja, wala jina lake. Alikuwa mtu mwema, na ujira wangu alinilipa bila kukata. Tulikwenda Lamu, na huko nikampeleka kwa mzee mmoja aliyekata boriti tangu utotoni. Alikata tangu zama ambazo majahazi yalikuwa yakijaza miti kwenda Bara Arabu na Ghuba, kabla serikali haijapiga marufuku kuipeleka nje mwaka wa 1982.

Mzee yule alitusomesha siku tatu. Alitueleza daraja za miti: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, mpaka banaa, na kwamba huhesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Alitueleza kwa nini vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni vyembamba na virefu: upana wake ni urefu wa boriti, na boriti haina ukarimu wa kuongezeka. Siku ya tatu akachukua kijiti, akachora mchangani. Huku mbele, akasema, panapopigwa na mawimbi, hukaa mlilana. Nyuma yake mkoko wenyewe na mizizi yake ya kujiinua. Kisha muia. Kisha mkandaa, kule maji yanakofika kwa nadra. Na nyuma kabisa, kwenye chumvi kali ya nchi kavu, mchu. Naye mchu ni mtu wa ajabu, akasema mzee, kwani hukaa nyuma na mbele pia humkuta. Kila mti na mahali pake, na ukiupanda pa mwenziwe utakufa, hata ukiusomea dua.

Mtafiti aliuiga mchoro ule katika daftari yake. Miaka kadhaa baadaye nikaletewa nakala ya tasnifu, nayo ilikuwa kubwa, yenye jalada jekundu. Nikafungua. Mchoro wa mchangani umo, umechorwa upya kwa rula, una namba yake na majina ya Kilatini. Chini yake pametajwa vitabu vitatu na miaka yake. Mzee hayumo. Nikapekua kwingine, nikamkuta mahali pamoja tu: "mkataji mmoja mzee". Mimi nimo katika shukrani, na jina langu limeandikwa kwa makosa.

Nilirudi Lamu baada ya muda nimpe mzee habari. Nilikuta ameshatangulia mbele ya haki.

Msomaji utasema: jina ni nini, madhali elimu imehifadhiwa? Ungaliketi chuoni kwa maalim wangu usingaliuliza. Sisi tumelelewa katika elimu ambayo habari haipokewi mpaka ijulikane imepokewa na nani, kutoka kwa nani, kutoka kwa nani, hata ifike mwanzo wake. Hiyo ndiyo sanadi. Pete moja ikikosekana katikati, wajuzi huiita sanadi iliyokatika, na habari yake hushuka daraja, hata kama maneno yake ni matamu. Mwanafunzi alipohitimu hakupewa cheti cha jina lake peke yake; alipewa ijaza yenye majina ya masheikh wake na masheikh wa masheikh wake. Wazungu nao katika tasnifu zao wana jambo lilo hilo, na wamelikaza kweli kweli: huwezi kuandika sentensi usitaje ulikoipata, kwa jina na mwaka. Lakini pete yao huishia penye kitabu. Aliyeandika hutajwa, aliyesema huwa "mkataji mmoja". Kwa mizani ya chuo changu, tasnifu ile yenye jalada jekundu ina sanadi iliyokatika, na iliyokatikia hapo hapo penye asili yake.

Nisifahamike vibaya. Sisemi kwamba kila lisemwalo na mzee ni sahihi. Wajuzi wa hadithi ndio hao hao waliotunga elimu nzima ya kuwachunguza wapokezi: huyu mkweli, huyu husahau, huyu huongeza chumvi. Wazee wetu walitwambia bahari haishi. Inaisha. Juya likiburutwa juu ya majani ya bahari hukomba na watoto wa samaki wasiofika hata kidole, na mzee aliyelivuta juya maisha yake yote ni mgumu kulishuhudia hilo dhidi ya nafsi yake. Ilipigwa marufuku mwaka wa 2001, na mpaka leo ugomvi wake haujesha. Hapo ndipo kipimo na hesabu ya mtu wa uzamifu kinapohitajika. Na kinapohitajika zaidi, hukutana na mzee njiani. Watafiti walipotaka kujua tafi hukusanyikia wapi kutaga mayai, hawakuanza kwa vyombo. Walianza kwa kuwauliza wavuvi wa pwani ya kusini, ambao wanajua mwamba upi na mwezi ukiwa wa siku ngapi. Kisha ndipo wakazamia kwenda kuhakikisha.

Yakiungana haya mawili, matunda yake huonekana. Gazi tangu miaka ya 1990 Daktari James Kairo na wenziwe wa taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi walikuwa wakipanda mikoko pale ilipomalizwa na shoka, wakipima ukuaji wake mwaka hata mwaka. Watu wa Gazi na Makongeni wakajifunza, wakapanda, wakalinda. Mwaka wa 2013 wakaanzisha mpango wa Mikoko Pamoja, juu ya hekta 117, na wakawa wanakijiji wa mwanzo duniani kuuza hesabu ya hewa ukaa inayofichwa na mikoko ardhini. Tope lile tunalolikunjia pua huweka kaboni kuliko msitu wa nchi kavu wa ukubwa huo huo, mara tatu na zaidi. Fedha zake zimeleta maji ya bomba na vitabu vya skuli. Kule hakuna bibi aulizaye mikoko huugua nini.

Kwa hivyo nina maneno na pande mbili.

Kwa wazazi na matajiri wetu: wakfu wa misikiti tunao, wa visima tunao, wa mazishi tunao. Uko wapi wakfu wa mwanafunzi wa bahari? Nyumba moja ya mtaani ikiwekwa wakfu, kodi yake ikalipa karo na nauli ya mashua ya kijana mmoja, akimaliza aingie mwingine, hiyo si sadaka ya kuendelea? Pa kusomea pako. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi. Unguja iko taasisi ya sayansi za bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1978, na huko huko iko jumuiya ya WIOMSA inayosaidia watafiti wa bahari yetu hii. Mtoto hana haja ya kwenda kuisoma Gazi akiwa katikati ya theluji, ingawa akienda pia tutamwombea.

Na kwenu nyinyi wanafunzi wenyewe: andikeni majina. Akiridhia mwenyewe, mwandike kwa jina lake, la babake na la babuye, na mahali alipokufunzeni, kama mnavyomwandika mwenye kitabu. Msiambiwe kwamba ni mila za kizamani. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali iyalinde maarifa ya asili ya jamii kuhusu viumbe, na sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi ikafuata. Utalindaje kitu usichosema ni cha nani? Kisha ileteni tasnifu nyumbani kwa Kiswahili. Si kurasa mia tatu zote, hatuna macho hayo. Kurasa ishirini, zisomwe barazani baada ya Alasiri, na walio na la kukosoa wakosoe. Ahmad bin Majid, nahodha wa karne ya 15, elimu yake ya nyota na pepo aliitia katika mashairi ili baharia aibebe kichwani, na mmojawapo wa urajazi wake ni wa njia ya kuja pwani yetu hii mpaka Sofala. (Ile hadithi kuwa ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka wa 1498, wanahistoria wengi hawaikubali tena, nami napumua.) Mtu yule hakuona kwamba kufahamika ni kupunguza elimu.

Binti wetu nilimweleza haya yote, tena kwa ukali kidogo, kwa kuwa nimemwona akizaliwa. Hakunijibu. Ijumaa iliyofuata, baada ya Alasiri, alikuja barazani na babake, akaomba ruhusa, akakaa kwenye ukingo wa jiwe na karatasi zake. Alisoma kwa Kiswahili yale aliyokwisha kuyapata katika miaka yake minne. Alipokuwa akiitaja miti mmoja mmoja, mzee mmoja aliyekuwa baharia wa jahazi la boriti, ambaye sote tulidhani amesinzia, alifungua macho.

"Mkomafi umeuacha, mwanangu."

"Haukutokea katika vipande nilivyopima, ami."

"Umepima wapi?"

Akamtajia. Mzee akatikisa kichwa, akamwambia apite nyuma ya kile kisima cha zamani, kando ya mchu, atauona. Wao walikuwa wakikata hapo mbao za kutilia viraka mashua. Binti akachukua kalamu. Akaandika. Kisha akamuuliza jina lake kamili, na la babake, na la babu.

Mzee alimtajia yote matatu, polepole, akimtazama kalamu asikosee herufi.